Ndege Kubwa ya Alhamisi

Aliishika ndege kubwa, akaiburuta kutoka safari ya Alhamisi na kuitupa kwenye mji mwingine, kisha akatazama nyuma yake kama mwizi wa kuku.

Hakuna aliyemwona. Na hata wangemwona, wangeona nini? Mpangaji wa safari akifanya kazi yake. Kwenye kompyuta yake kila ndege ilikuwa na mstari, na kila safari kipande cha rangi juu ya mstari huo. Yeye alivisogeza vipande kwa kipanya: ndege hii iende huku, ile irudi kule, nyingine ikalale kwa mafundi. Kuna mji wa mbali, ng'ambo ya bahari, uliokuwa ukipelekewa ndege kubwa kila Alhamisi. Sasa ulikuwa mwezi wa tatu ukipewa ndogo.

“We mzee,” alisema mwenzake wa meza ya pili, mama mcheshi aliyepanga zamu za marubani, “ule mji ulikukosea nini? Walikunyima maji?”

“Viti vitupu havilipi mafuta, dada.”

“Vitupu vya wapi? Wiki iliyopita watu wameachwa uwanjani. Kuna bibi wa kiti cha magurudumu alikuwa anakwenda kumuuguza binti yake. Alilia mpaka wasichana wa kaunta wakalia naye.”

Mpangaji akarudisha macho kwenye kompyuta. Alijua viti havikuwa vitupu. Takwimu alizompelekea mkuu wao alizichambua mwenyewe, akaokota za msimu mbaya na kuzificha za msimu mzuri. Mkuu, mtu asiyesoma zaidi ya ukurasa wa kwanza, akampongeza mbele ya watu kwa kubana matumizi. Walimpigia makofi. Kila kofi aliliona kama limempata shavuni.

Sababu ya kweli ililala naye kitanda kimoja. Mkewe alikuwa mhudumu wa ndege kubwa, na katika kampuni yao aliyesomea kubwa hakupangwa kwenye ndogo. Ilikokwenda ndege kubwa ndiko alikokwenda. Ikienda mji ule wa mbali, alilala huko kabla ya kurudi.

Mdudu wa shaka alimwingia siku alipopita mlangoni akamsikia mkewe akizungumza na simu. Sauti yake ilikuwa ya chini, tamu, sauti ambayo nyumba ile haikuwa imeisikia tangu kijana wao alipogombana na baba yake, akabeba begi na kutokomea.

“Alhamisi niko kwako,” alikuwa akisema. “Hapana, hajui. Si umenikataza nisimwambie?”

Upande wa pili sauti nzito ya kiume ikacheka.

Hakumuuliza. Anayeuliza hupewa jibu, na yeye jibu aliliogopa. Mkewe alipokwenda kuoga, aliichukua namba ile kwenye simu. Haikuwa na jina. Kesho yake akaihamisha ndege.

Tangu hapo mkewe alikuwa akipungua mwili kama sabuni. Hakugomba, hakununa. Alikaa tu, macho dirishani. Jioni moja, akipiga pasi sare yake, alisema, “Mume wangu, si wewe ndiye unayepanga? Turudishieni ndege yetu. Hata mara moja tu.”

“Si mimi. Ni hesabu.”

“Basi hesabu zenu hazina utu.”

“Kwani huko una nini?”

Pasi ilibaki pale pale mpaka kitambaa kikaanza kunuka.

“Nina shughuli tu,” alisema.

Angekuwa na hasira, ingemsaidia. Lakini kila alipoitafuta hasira alimkuta yule bibi wa kiti cha magurudumu, au uso wa mkewe juu ya ile sare iliyoungua. Ndiyo maana leo asubuhi alikuwa amekusudia kuiacha ndege kubwa iende zake. Amwache mwanamke aende. Akimpoteza, ampoteze kwa haki.

Kabla hajatoka nyumbani alimsikia mkewe bafuni na simu, bomba limefunguliwa ili kufunika kilio. “Unahama Jumamosi? Na huko nitakufuata vipi? Basi nikikukosa Alhamisi hii nimekukosa kabisa.”

Nia njema ikamtoka kama upepo kwenye mpira uliotoboka. Alifika ofisini, akaishika ndege, akaiburuta.

Sasa imekwisha, alijiambia. Lakini haikumtosha. Mwenzake alipotoka kwenda kunywa chai, mpangaji alinyanyua simu ya mezani akaipiga ile namba. Angalau jambo moja katika uchafu huu alifanye waziwazi, mwanamume kwa mwanamume.

Simu ikapokewa.

“Haloo?” Ilikuwa sauti ile ile nzito.

“Alhamisi usimngoje,” alisema mpangaji. “Haji. Na hatakuja tena. Mimi ndiye mumewe, na hizo ndege nazipanga mimi. Umesikia? Aliyemzuia miezi yote hii ni mimi.”

Alingoja tusi. Alingoja kicheko, au simu ikatwe. Alichosikia ni mtu akivuta pumzi.

“Shikamoo, Baba,” ilisema sauti. “Mama aliniapisha, siku utakayopiga nisikate.”