Abiria Waaminifu wa Hippolyte

Mota ilikohoa mara mbili karibu na soko la Kabambare, ikatema moshi mweusi, ikazimika. Nyuma, chini ya turubai, abiria kumi na mmoja wakapiga makofi.

Hippolyte alishuka na sura ya mtu aliyefiwa. Tangu Pasaka, hii ilikuwa mara ya tisa kwa kamioneti yake kumfanyia hivyo. Ilitoka Kasongo vizuri, ikapanda ule mlima wa mwisho kwa taabu, kisha ikifika Kabambare inakufa. Makofi aliyachukua kuwa ya shukrani: angalau walifika.

Alifungua boneti. Safari hii ilikuwa pompu ya maji, na Kabambare nzima haikuwa na pompu ya namna ile. Ingebidi mtu aende Kasongo kwa baiskeli kuitafuta, siku mbili za kwenda na mbili za kurudi.

Kwa aibu aliwaambia abiria wake kwamba kesho wapande lori la Asani. Lori la Asani lilikuwa jipya, rangi yake bado inang'aa, na halijawahi kulala njiani hata siku moja. Abiria wakakataa wote. Wakasema wamekuja na yeye, watarudi na yeye. Hippolyte aligeuka pembeni akajifanya anapangusa jasho, kumbe ni machozi.

Ikabaki shughuli ya karatasi. Kila mmoja wao alikuwa na ruhusa ya serikali ya siku mbili tu, ya kwenda na ya kurudi, kwa sababu mashamba ya pamba ya lazima yalikuwa yanawangoja, na aliyechelewa bila sababu alifungwa. Hippolyte aliwahi kuwa karani, mwandiko wake ulikuwa mzuri. Aliandika barua kumi na moja: gari limeharibika, mwenye barua hii hana kosa, sahihi. Mama Célestine, ambaye mama yake mzazi kipofu alikaa nyuma ya soko, alikunja yake mara tatu akaifunga kwenye pindo la kitenge. Kisha akajitwika mkeka na sufuria, akaenda zake bila kulalamika.

Nyumbani Kasongo, aliyelalamika alikuwa Régina, mke wa Hippolyte. Nyumba yao ilikuwa nusu bati, nusu nyasi. Hippolyte alikuwa amenunua mabati ya kuimalizia, lakini kila kamioneti ilipoharibika alichukua machache akayauza. Mabati matatu yalikwenda kwa kabureta. Manne yalikwenda kwa springi, na springi yenyewe ikavunjika tena kabla mvua hazijaanza.

“Hii gari inakula nyumba,” Régina alisema, huku akisogeza kitanda mahali pasipovuja.

Hippolyte alimjibu kwamba hakuna mwenye gari mwingine katika Maniema yote aliyejaliwa abiria kama wake. Watu wanaacha lori jipya kwa ajili yake! Aliwawaza wakilala juu ya mikeka ugenini, mama mtu mzima kama Célestine, kwa sababu ya mota yake mbovu, akaona aibu. Akaamua mambo yaishe.

Alibeba mabati yote yaliyobaki mpaka kwa fundi Dominique, akayabadilisha kwa mota ya lori lililopinduka karibu na Nyangwe, mota ambayo ilikuwa haijafanya kazi hata mwaka. Régina hakuongea naye siku nne. Dominique alichukua wiki tatu kuifunga, akabadilisha na pompu, na mipira, na nyaya zote, akajifuta mikono.

“Sasa utasahau njia ya kuja kwangu,” alisema.

Na kweli. Katika safari ya kwanza kamioneti iliupanda ule mlima kama inateremka, ikaingia Kabambare kabla ya saa sita mchana. Hippolyte alizima mota mwenyewe, kwa ufunguo, akangoja makofi. Hakuna aliyepiga. Walishuka mmoja mmoja. Alidhani bado wameduwaa. Asubuhi yake akawarudisha Kasongo, na Mama Célestine akamshukuru kwa adabu huku macho yake yakiangalia barabara walikotoka.

Wiki iliyofuata walikuja abiria wawili, tena wageni. Wiki ya pili hakuja mtu. Hippolyte alipiga honi mpaka watu wa soko la Kasongo wakamwomba aache.

Basi akajua ni Asani. Kaona wivu, kapunguza nauli, kamwibia watu. Alikwenda kule lori jipya linakosimama, maneno makali yamemjaa mdomoni. Alimkuta Asani amekaa kwenye ngazi ya lori anamenya karanga, na nyuma yake lori ni tupu. Asani alimwonyesha kwa kidevu upande wa pili wa soko.

Huko ilisimama kamioneti ya Michel, mwenye gari mwingine wa njia ile ile ya Kabambare. Mlango mmoja ulifungwa kwa kamba, na rejeta ilikuwa ikidondosha maji kwenye beseni. Ndani walibanana watu kumi na mmoja, na mikeka yao, na sufuria zao.

Hippolyte alisogea taratibu mpaka alipoketi Mama Célestine. Maneno makali yalikuwa yameisha. Alimuuliza kwa sauti ya chini amewakosea nini.

“Haukukosa kitu, Papa,” Mama Célestine alimjibu kwa upole. “Zamani gari yako ilikuwa inanipatia siku tano na mama yangu. Sasa inanipatia usiku mumoja.”