Jiwe la Chupa Moja

Gari lilizima mbali kabisa na lile jiwe. Shomari aliliweka jana, pale pale mafuta ya chupa moja yalipomwishia. Leo, kwa chupa ile ile, ameliacha nyuma hata halionekani.

Akaruka chini. "Tunu, umeona? Ile pete ya shaba niliyouvisha mpira wa mafuta! Kesho madereva wa mji mzima wataigombania."

Mkewe akafungua fundo la khanga, akatoa pete ya shaba, akamwekea kiganjani.

"Niliitoa alfajiri. Niwie radhi, mume wangu. Ulipoapa mbele ya watu kwamba inapunguza ulaji wa mafuta, roho yangu haikutulia, nikataka kuona gari litafika wapi bila hiyo pete."

Shomari akafunua boneti. Mpira ulikuwa mtupu, hauna pete.

"Basi gari limetufikishaje huku?"

"Jana ulikanyaga mafuta kama mtu aliyechelewa maziko. Leo umekanyaga kama anayepita kando ya mtoto mchanga aliyelala."

Shomari akavua kiatu taratibu. Akauweka mguu wake wa kulia juu ya lami yenye joto, akautazama mno, kama mwenye nyumba anavyomtazama mgeni aliyeingia bila hodi.