Sauti Imerudi Nyumbani

Siku hizi mwimbaji hasafiri, inasafiri sauti yake tu. Yangu ilichukuliwa Januari ikazungushwa kwenye matamasha ya Mwanza, Kigali hadi Lusaka, nami nikabaki nyumbani Tanga miezi saba bila neno. Nilipika, nilifua, niligombana na mume wangu Hemedi kwa macho. Nikimtaka binti yetu Tunu, ambaye ndio kwanza alikuwa anaanza kutembea, nilipiga makofi mara mbili, naye akaja. Jioni Hemedi alimfungulia redio anisikie nikiwaimbia watu nisiowajua.

Jana sauti ilirudishwa. Imekwaruzika kidogo, na ina uchovu ambao si wangu.

"Haya, Mama Tunu, mwite mwanao," Hemedi alisema huku akitabasamu.

"Tunu, njoo kwa mama."

Tunu aliruka kwa furaha, akakimbilia redio. Ilikuwa imezimwa. Akaigongagonga, akatega sikio.

"Atazoea tu," Hemedi alisema.

"Ndiyo," nilijibu, na Tunu akaikumbatia redio kwa mikono miwili.

Nikafunga mdomo. Nikapiga makofi mara mbili.

Akaja.