Nje ya Masale

Barua ya kumwalika Rogath mkutanoni Hilda aliipeleka mwenyewe. Alipanda nayo hadi Old Moshi na magoti yake mabovu, akamkabidhi mkononi, akageuka bila kuomba hata maji.

Mwamvita, jirani yake pale Soweto, Moshi mjini, alidhani kikongwe wa watu amechanganyikiwa. "Bibi, huyo si ndiye aliyekufukuza msibani? Atakuja kukuharibia."

"Namtaka awepo," Hilda alisema. "Tena aongee."

Msiba ulikuwa wa Theopista, dada yake Rogath. Hilda na Theopista walikaa chumba kimoja miaka thelathini na minane, wakishona sare za shule kwa vyerehani viwili vilivyotazamana. Soweto nzima ilijua kwamba wanapendana kama mke na mume, ila ilikuwa na adabu ya kutolisema.

Rogath hakuwa na adabu hiyo. Aliuchukua mwili, akampiga marufuku Hilda kukanyaga kwake, na dada yake hakumzika ndani ya kihamba, shamba la ukoo, kwenye migomba, walikolala wazazi wao. Alimzika nje ya masale, ile mimea ya majani marefu inayopandwa kuwa mpaka. Kaburi lilichimbwa kwenye pembe ambayo yeye na jirani yake Praygod, mzee asiyewahi kuoa, walikuwa wakiigombania tangu ujana wao. "Huyu asilale na watu," Rogath aliwaambia wachimbaji.

Hilda alisimuliwa neno kwa neno. Hakulia. Alimchukia yule mzee kwa moyo wake wote, akaapa kwamba hatakufa kabla ya kumtia adabu.

Wakati huohuo akaanza kuhangaikia nyumba. Alitaka kujenga vyumba vinane vya kupanga, vya bei nafuu, kwenye kiwanja chake cha Soweto, ili wazee wa aina yake wasimalizie siku zao kwa ndugu wasiotaka hata kuwatazama: wanawake waliozeeka na wanawake wenzao, wanaume waliozeeka na wanaume wenzao. Alikuwa na majina kumi na moja tayari. Kwenye ramani fundi aliandika tu "makazi ya wazee wasio na familia".

Jumamosi ofisi ya mtaa ilijaa. Rogath alikuja na koti lake la kanisani. Alipomwona Praygod benchi la nyuma, kofia magotini, alishangaa kidogo, kisha akampungia mkono. Alifurahi kwamba hata jirani waliyenuniana naye miaka yote leo yuko upande wake.

Hilda alieleza mpango wake kwa dakika tano. Rogath akasimama bila kusubiri kuitwa.

"Msidanganywe na neno wazee," alisema. "Nyumba hii ni ya watu wa tabia ile. Mimi namjua huyu mwanamke. Ndiye aliyemharibu dada yangu."

Minong'ono ikaanza. Akina mama ambao watoto wao walivaa sare za Hilda kuanzia darasa la kwanza wakainamisha vichwa. Hilo lilimuuma Hilda kuliko maneno ya Rogath, lakini alimgeukia yeye.

"Mzee Rogath, wewe unanisema mimi. Mbona Theopista ulimzika kwenye ardhi ya ukoo wenu, kama binti wa heshima?"

"Nani kakwambia? Amelala nje ya masale."

"Nasikia hapo nje ya masale napo ni kwenu. Miaka yote ulikuwa ukidai ni kwenu."

Watu wakamgeukia. Rogath alivimba shingo.

"Si kwetu. Si kwangu, si kwa baba yangu, na mwanangu asije kuniambia ni kwake. Alipolala yule, ukoo wangu hauna hata shubiri."

"Mwenyekiti, hilo limeandikwa?" Hilda aliuliza.

"Liandike," Rogath alisema, "na sahihi naweka."

Akaweka, kubwa, ya kushuka mistari miwili. Mwenyekiti akapiga mhuri, kisha akaomba wanaokubali nyumba ijengwe wanyooshe mikono. Mwamvita alinyoosha wake, na mama mmoja nyuma yake akanyoosha nusu. Waliokataa walikuwa arobaini na mmoja. Mpango wa Soweto ukafa hapo hapo, na Rogath akajifuta jasho akitabasamu kama bwana harusi.

Hilda aliomba nakala ya muhtasari, akaikunja vizuri, akaitia kwenye kikapu. Humo humo akatoa shina la isale, bichi, mwishoni limefungwa tambara lenye maji. Akalibeba kwa mikono miwili hadi mbele ya Rogath.

Mchagga akiletewa isale na adui yake, ameombwa radhi, na hana ruhusa ya kukataa. Mwamvita aliziba uso kwa mtandio, maana hakutaka kuona bibi yake akijidhalilisha hivyo baada ya kushindwa.

Rogath alilipokea. Akapaza sauti ili wa nyuma nao wasikie. "Nimekusamehe, Hilda. Nenda salama."

Benchi la nyuma, Praygod alivaa kofia yake.

"Sijakuomba radhi, shemeji," Hilda alisema. "Hilo ni la kupanda, maana ya mpakani mafundi watayakanyaga. Jumatatu tunachimba msingi kwa Praygod, kwenye pembe uliyoikana leo, vyumba vinane, na dirisha langu linatazama kaburi."