Moto wa Maganda

Mwalimu wa mapishi alifunga mlango wa jiko kwa komeo, akamimina dawa ya kusafishia vyoo kwenye ndoo ya maganda ya viazi, akakoroga kwa mwiko taratibu kama anayemkorogea mgonjwa uji.

Ndoo hiyo hakuruhusu mwanafunzi yeyote aibebe. Kila asubuhi aliivusha uwanja mwenyewe na kuimwaga kwenye shimo la mtambo wa gesi, fahari ya chuo chao cha jamii. Maganda na samadi huingia huku, vijidudu hula, gesi ya kupikia hutoka kule. Vijidudu hivyo ndivyo alivyotaka kuviua. Moto usiwake mbele ya wafadhili waliotarajiwa kuja kuutazama mtambo, basi, hakuomba zaidi.

Mwenye mtambo alikuwa mwalimu wa mazingira, mwanamume wa suti ya kijani na maneno mengi. Wanafunzi walimwita Baba Gesi.

"Dada, bila wewe mradi huu ungekuwa umekufa zamani," alimwambia kila alipomwona na ndoo.

"Najitahidi, kaka."

Na kweli alikuwa anajitahidi.

Mdogo wake mwalimu wa mapishi, msichana aliyekwisha kuchumbiwa, ndiye aliyekuwa mtunza stoo wa jiko la chuo. Mtungi mkubwa wa gesi ulipotoweka stoo, iliundwa kamati ya nidhamu, Baba Gesi akawa mwenyekiti. Funguo alikuwa nazo nani? Binti. Kikao hakikumaliza hata chai. "Cha mtu mavi, mwanangu," mwenyekiti alimwambia kwa huruma ya midomoni. Jioni hiyo binti alitoka getini akipekuliwa mkoba na mlinzi aliyekuwa akimtania kila siku.

Wiki hiyo hiyo mtambo ukawaka kwa mara ya kwanza. Chuo kizima kilipiga makofi, picha ya Baba Gesi na moto wake wa buluu ikabandikwa ubaoni, na msichana yuko kwa dada yake, amelala amegeukia ukuta. Upande wa mchumba ulikuja kuomba muda wa kufikiri. Mpaka leo wanafikiri.

Hayo makofi ndiyo yaliyomkwama dada mtu kooni. Mtu amzike mdogo wako akiwa hai, kisha akakate keki! Aliapa kwamba naye ataumbuka, tena mbele ya watu wazito.

Dawa ilionekana kufanya kazi. Pipa la chuma lililotakiwa kuelea juu ya shimo gesi ikijaa lilikuwa limekaa chini kabisa, halijiwezi. Baba Gesi alilifunika turubai.

"Jua kali," alieleza. "Tunaupumzisha mtambo mpaka wageni waje."

"Upumzike kwa amani," mwalimu wa mapishi alisema, na hakutabasamu.

Siku ya wafadhili alimlazimisha mdogo wake avae, watoke wote.

"Dada, watu wataniangalia."

"Leo hawatakuwa na macho ya kukuangalia wewe."

Jiko la maonyesho lilikuwa limewekwa kando ya stoo kuukuu ya bustani, bomba lake limepita ukutani. Mwalimu wa mapishi ndiye aliyepangwa kuwakaangia wageni mayai. Alisimama na kikaango mkononi, roho imetulia, akimsubiri adui yake awashe kiberiti kimoja, kisha cha pili, kisha aanze kutokwa jasho.

Kiberiti kilikuwa kimoja tu. Moto wa buluu uliruka, mzuri, umenyooka, na wageni wakapiga makofi.

Nusura kikaango kimponyoke. Ndoo zote zile! Alipasua mayai huku machozi yakimlenga, wala hapakuwa na moshi wa kuusingizia. Kule nyuma mdogo wake alikuwa ameinamisha kichwa. Mwalimu wa mapishi alijichukia kwa kumleta aje kuona shangwe ileile kwa mara ya pili.

Baba Gesi alishika kipaza sauti. Alizungumzia uchafu unaogeuka utajiri, alizungumzia vizazi vijavyo, na alipofika kwenye uaminifu wa mali ya umma, moto ukapungua. Ukawa mfupi, ukageuka mwekundu, ukakohoa, ukazimika. Yai la mwisho lilibaki bichi.

"Ni presha ya bomba tu," Baba Gesi alisema, akilegeza tai. "Nipeni dakika." Akapotelea nyuma ya stoo.

Moyo wa mwalimu wa mapishi ulicheza. Dawa yangu, aliwaza. Imechelewa njiani, lakini imefika. Safari hii hatamwacha aje na maneno mengine matamu. Pipa lile lililozama watalitazama kwa macho yao, na turubai atalivuta yeye mwenyewe.

"Waheshimiwa, ya nini kungoja kuhadithiwa?" alisema kwa sauti ya mwenyeji mwema, akamshika mkuu wa chuo mkono. "Mtambo wenyewe uko hapa nyuma. Karibuni tuuone."

Wageni wakainuka. Alipopita kwenye viti vya nyuma alimnyanyua na mdogo wake, wakazunguka kona ya stoo wote pamoja.

Mtambo ulikuwa mbele zaidi, chini ya turubai lake, lakini hakuna aliyefika huko. Mlango wa nyuma wa stoo ulikuwa wazi. Ndani, Baba Gesi alikuwa amepiga magoti, koti la kijani liko sakafuni, amekumbatia mtungi mkubwa wa gesi na kuuinamisha, anautikisa kwa nguvu zake zote kama wafanyavyo watu majumbani gesi inapoisha na maharage hayajaiva. Ubavuni mwa mtungi, kwa rangi nyekundu na kwa mwandiko wa mdogo wake, palisomeka: MALI YA JIKO. USIHAMISHE.