Zawadi Kuu Moja Imebaki

Delfina aliingia dukani akiwa na kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, nywele zimetoka saluni asubuhi hiyo, simu ameibana kati ya sikio na bega.

"Gil, uko wapi? Imebaki moja! Moja tu, jimbo zima!"

"Niko nyuma yako," alijibu Gil, na kweli alikuwa nyuma yake, ndani ya suti ya kijivu, simu sikioni, andazi limemjaa mdomoni.

Delfina akakata simu na kumwonyesha kioo chake. Kila siku kabla ya kahawa alifungua tovuti ya bahati nasibu ya Massachusetts, akaangalia kila mchezo wa tiketi za kukwangua umebakiza zawadi kuu ngapi. Leo mchezo wa Nyota Saba ulikuwa unakaribia kwisha. Kwa makadirio yake, tiketi karibu zote zilikuwa zimeshanunuliwa, na bado dola milioni moja zilikuwa hazijapata mwenyewe.

"Mnataka hizo?" aliuliza muuzaji, mwanamume mnene aliyeanza kazi pale wiki hiyo. Alionyesha kisanduku kilichopauka kwa jua. "Hizo hazitakiwi na mtu. Chukueni hizi mpya, zina picha za mbwa."

"Mbwa wazuri kweli," alisema Gil.

"We na mbwa wako!" Delfina akamgeukia. "Sikiliza. Chukulia sufuria mbili za supu. Hiyo ya mbwa imejaa mpaka ukingoni, soseji kumi zinaogelea humo. Ukichovya upawa unatoka na majani matupu. Hii kuukuu watu wameshachota, wamekwenda zao na majani yao. Umebaki mchuzi kidogo chini, na soseji moja. Ungechovya wapi?"

Gil akafikiri, akameza andazi.

"Kwenye ile yenye mbwa."

"Ondoka mbele yangu!" Lakini alikuwa anacheka, na muuzaji naye alikuwa anacheka.

"Na kupendeza kote huku mchana kweupe, mnakwenda wapi?"

"Jaji anatusubiri saa nane," alisema Delfina, akiinama kuvaa kiatu.

Muuzaji akachungulia mikono yao. "Vidole bado vitupu! Aa, kumbe leo ndiyo leo!" Akachomoa waridi kwenye ndoo kando ya mashine ya hela, likichuruzika maji, akamkabidhi Delfina kwa mikono miwili. "Bibi, hongera. Bwana, wewe hongera zaidi."

Delfina na Gil wakatazamana. Kisha wakaangua kicheko, wakacheka mpaka Delfina akashika kaunta asianguke, Gil akapangusa macho kwa ncha ya tai.

"Pokea, mama," alisema Gil alipopata pumzi. "Ua ni ua."

Walinunua kila tiketi iliyobaki kwenye kisanduku kile. Gil akatoa pochi, Delfina akaizuia.

"Leo kila kitu nusu kwa nusu."

"Sawa, bosi. Nusu kwa nusu."

Gari la Gil wakaliacha pale pale dukani, wakapanda la Delfina. Aliendesha kama ambulensi, waridi likidondosha maji juu ya dashibodi.

"Unajua nilidhani leo nitashinda nimenuna?" alisema Gil.

"Mimi nilianza jana. Sasa hata sikumbuki." Akakata kona, tairi zikalia. "Gil, wewe ndiye kitu pekee nilichowahi kuchagua bila kuangalia takwimu."

"Na ona mwenyewe!"

"Naona, baba, naona!"

Wakacheka tena, hadi karibu wapite lango la mahakama.

Katika maegesho wakagawana tiketi na kuanza kukwangua kwa funguo. Ya kwanza bure. Ya pili bure. Gil akapata dola tano, akapiga kelele kama amepata meli. Delfina akamwambia atulie, vumbi la fedha linaruka mpaka kwenye sketi yake. Kisha yeye mwenyewe akatulia.

"Gil."

"Nini?"

"Soma. Mimi macho yangu siyaamini."

Gil akaisogeza tiketi dirishani. Juu, namba ya ushindi: ishirini na tatu. Chini, namba yao: ishirini na tatu. Akakwangua kilichokuwa chini ya namba, polepole, ncha ya ulimi imetoka nje. Ikatokea moja. Ikafuata sifuri, na sifuri nyingine, na ufunguo uliendelea kwenda, sifuri zikaendelea kuja.

Hakuna aliyekumbuka nani alianza kupiga yowe. Walikumbatiana juu ya breki ya mkono, kiwiko cha Gil kikakandamiza honi, nayo ikalia mfululizo mpaka mlinzi akaja mbio na kugonga kioo.

"Mmepatwa na nini?"

"Soseji!" alipiga kelele Delfina huku machozi yakimtiririka. "Tumeipata soseji!"

Wakaziacha tiketi nyingine zimetapakaa sakafuni mwa gari, hazijaguswa. Walipanda ngazi wameshikana mikono, wakaingia mbele ya jaji wakihema, Gil na vumbi la fedha kwenye tai, Delfina na waridi lililovunjika shingo. Walijaribu kusimama wima kama watu wazima. Kila mmoja alipomwangalia mwenzake, mabega yakaanza kutikisika upya.

Jaji, mwanamke mwenye mvi na miwani ya kamba, aliwatazama kwa muda.

"Miaka yangu yote katika chumba hiki," alisema, "sijawahi kuona watu wenye furaha namna hii."

Akafungua kifuniko cha kalamu, akavuta karatasi karibu.

"Basi, kabla sijatia saini talaka yenu, sheria inanitaka niwaulize mara ya mwisho: kuna mali yoyote ya ndoa ambayo bado hamjagawana?"