Robo Inchi Kila Upande

Ndinda alirudishia mlango wa duka lake la ushonaji, ijapokuwa ilikuwa saa saba mchana na wateja walikuwa wakipita. Akalitoa gauni la Kathini kwenye kamba, akaligeuza ndani nje, akaketi kwenye cherehani.

Alishona mshono mpya robo inchi ndani ya ule wa kwanza, kulia na kushoto, kisha akaufumua wa zamani kwa wembe. Akapiga pasi. Kiuno kilikuwa kimepoteza inchi nzima, na kwa macho tu hungejua.

Magauni yote ya kwaya ya kina mama wa Kanyangi yalikaa dukani kwake. Aliyashona yeye, aliyafua yeye, na kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, kwaya ilipoalikwa kanisa jingine, aliyagawa yeye.

Sababu ilikuwa wivu, tusizungukezunguke. Tangu chuo cha ufundi, walipokuwa wakigawana cherehani moja, Ndinda na Kathini walikuwa wanene pamoja na wakicheka pamoja. Kanisani walikuwa na benchi lao la nyuma ambalo mtu wa tatu hangetoshea. Halafu mwezi wa kwanza binti yake Kathini, nesi huko Nairobi, akampeleka mama yake akafanyiwa operesheni ya kupunguza tumbo. Kufikia Pasaka, Kathini alikuwa anaketi benchi la mbele. Hata Musyimi, mumewe Ndinda, ambaye kwa kawaida husifu ng'ombe tu, alisema, "Kathini amekuwa msichana." Wiki hiyo nzima Musyimi alikula ugali uliopoa.

Faraja pekee ya Ndinda ilikuwa visingizio vya Kathini. Daktari alikuwa amemwambia atembee kila siku, la sivyo mwili ungerudi. Kathini hakukosa sababu. "Leo jua ni kali." "Hii magoti yangu inauma." "Niko na wageni." "Kwa Mulinge kuna mbwa." Aliketi dukani, akinywa chai ya sukari kidogo kidogo, na Ndinda alimwongezea kabla hajaomba.

"Mzani sina," Kathini alimwambia siku moja. "Daktari alisema nichague nguo moja, nijipime nayo kila mwezi. Nimechagua gauni ya kwaya. Hiyo haiwezi kunidanganya."

Ndipo Ndinda alipochukua wembe. Gauni likibana, Kathini angesema operesheni imeshindwa. Angekata tamaa, angerudi kwenye benchi lao, na maisha yangeendelea.

Jumapili hiyo gauni lilibana. Baada ya ibada Kathini alilivua, akaligeuza ndani nje, akaitazama mishono, akalirudisha kwa Ndinda. Jumatatu alipita mbele ya duka kwa miguu, akielekea mtoni.

"Hunywi chai?" Ndinda aliita.

"Nikirudi."

Alirudi kwa njia nyingine.

Mwezi wa pili Ndinda akapunguza tena. Wa tatu vilevile. Kathini akipungua kidogo, gauni lilipungua zaidi. Lakini visingizio viliisha. Jua likiwaka alitoka na mwavuli. Wageni wakija aliwaachia thamosi ya chai mezani, akaenda zake. Mbwa wa Mulinge walimzoea mpaka wakawa wanamsindikiza. Na kila alipopita dukani alitupa jicho ndani, uso umekaza, kisha akaongeza mwendo.

Ndinda alimtazama na roho ikamuuma zaidi. Akapunguza mara ya nne, na ya tano.

Ijumaa moja, akiwa dukani, alimwona Kathini akijikwaa pale darajani. Kathini aliketi juu ya jiwe, akasugua magoti, akalia waziwazi kama mtoto. Kisha akajifuta kwa leso, akasimama, akaendelea.

Ndinda alishindwa kushona tena. Miezi mitano alikuwa akimwibia huyu mtu furaha yake, na huyu mtu ndiye rafiki pekee aliyekuwa naye. Aliona aibu. Alirudishia mlango, akalichukua lile gauni, akaliachilia mpaka likarudi kama alivyolishona mwanzo.

Jumapili asubuhi Kathini alilivaa, likamning'inia. Kina mama wakapiga vigelegele.

"Kathini, umeisha!" alisema Nzisa, kiongozi wa kwaya, akimzungusha.

Ndinda alisimama mlangoni akingoja kuiona ile furaha. Alikuwa amejiandaa hata kulia.

Kathini hakucheka. Alimshika Ndinda mkono, akamvuta hadi nyuma ya kanisa, karibu na tangi la maji. Akauvuta ubavu wa gauni ukakaza. Vitundu vya sindano vilikuwa vimebaki kwenye kitambaa. Akapitisha kidole kwenye mistari yake, mmoja mmoja, yote mitano.

"Wewe Ndinda. Kwani nimekukosea nini?"

"Nisamehe, Kathini. Ni shetani, mimi sikuwa—"

"Wachana na shetani. Daktari nilimdanganya ati natembea. Binti yangu nilimdanganya, kila siku kwa simu. Kukukasirikia wewe tu ndiyo imenitoa kwa nyumba miezi hii yote, halafu leo unaniachilia?" Alimsukumia mkononi kitambaa kilicholegea kiunoni. "Kesho nakuletea. Libane tena inchi zangu zote, na mwezi ujao uongeze."